Pumu ipo hata kifua kisipobana

Tanzania imepunguza sana vifo vya watoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta watoto 67 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai wakifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 ulikuta 43. Chanjo ya kukinga nimonia ina mchango wake hapo, na tunawapongeza waliohangaika kuifikisha vijijini.

Lakini mtoto aliyepona nimonia hurudi kwenye jiko lile lile la mafiga, mgongoni kwa mama anayepuliza kuni. Akifika darasa la tatu anakohoa usiku na kifua kinapiga filimbi. Bibi yake, ambaye hajagusa sigara maisha yake yote, hapandi kilima bila kupumzika mara tatu. Kila akienda zahanati anapimwa kifua kikuu, anaambiwa hana, anarudi na dawa ya kikohozi. Daftari la mgonjwa litaandika magonjwa tofauti, ila moshi una mkono katika yote.

Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Tunauunga mkono. Mwenye pumu leo, hata hivyo, hawezi kuungoja.

Na huyu mwenye pumu tunamtibu nusu nusu. Wengi wanajua salbutamol tu, inhela ya bluu au vidonge, inayotafutwa mtu akishabanwa. Dawa hiyo hulegeza misuli ya njia za hewa kwa saa chache. Uvimbe ulio ndani haiugusi, nao upo hata siku mgonjwa anacheza mpira vizuri. Inayopunguza uvimbe ni inhela yenye steroidi, inayotumika hata kifua kikiwa shwari. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unakataa vijana na watu wazima kutibiwa kwa salbutamol peke yake. Mwaka huo huo pumu iliua watu wapatao 455,000 duniani, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na za kipato cha kati cha chini kama yetu.

Tunataka inhela ya kinga ipatikane zahanati, isiishie hospitali ya mkoa, na bima ya afya kwa wote iilipie. Wahudumu nao wawatoe watu hofu kwamba ukiizoea inhela huiachi tena. Dozi yake ni ndogo na inakwenda moja kwa moja kwenye mapafu. Kwa mtoto asiyeweza kuvuta pumzi sambamba na kubonyeza, chupa tupu ya maji ya nusu lita, iliyotobolewa kitako ili inhela iingie, hufanya kazi ya kifaa cha dukani. Muuguzi anaweza kumwelekeza mama kwa dakika chache, kabla hajaondoka na mwanawe.