Msituletee Sumaku

Jumamosi hii, kwenye sebule ya rafiki yetu kule Umoja, watu sita tutapiga kura. Swali ni moja: tuweke kando barabara tuliyoichonga wenyewe, tuchangie pesa ya barabara ya plastiki, ili magari yetu yaanze kutumia sumaku? Mimi nitasema hapana. Na kama unadhani huu ni ugomvi wa watoto, kaa kidogo nikueleze.

Magari yenyewe ni ya kipimo cha 1/32. Gari la mita 4.5 barabarani linakuwa la sentimita 14 hivi mezani. Chini ya pua kuna ulimi unaoingia kwenye mfereji. Kando ya mfereji kuna njia mbili za umeme wa volti 12, na mkononi una kidhibiti cha kubonyeza. Usukani hamna. Una kidole kimoja tu. Ukibonyeza sana kwenye kona, gari linaruka nje na wasee wanakucheka.

Mwingereza Fred Francis alipoleta Scalextric mwaka wa 1957, ngoma ilikuwa hiyo hiyo. Sumaku ya kushika barabara ilikuja miaka mingi baadaye: inabandikwa chini ya gari, inavuta reli za chuma, na gari linang'ang'ania kama kupe. Barabara yetu ni ya mbao. Umeme unapita kwenye utepe wa shaba, na shaba haivutwi na sumaku. Ndiyo maana kuna wanaotaka iende.

Nimejaribu hilo gari la sumaku. Lina spidi, sibishi. Nilibonyeza mpaka mwisho, nikapita kona tatu bila kufikiria chochote. Ya nne likachomoka kama jiwe la manati, likagonga mguu wa kabati. Sikupewa dalili yoyote. Ndivyo sumaku ilivyo: nguvu yake hupungua haraka sana ikiachana na chuma, kwa hivyo gari likiinuka kidogo tu, mshiko umekwisha. Gari lisilo na sumaku hukuonya kwanza. Mkia unaanza kuteleza, sauti ya mota inabadilika, unalegeza kidole, unaliokoa. Sumaku inakufichia kosa mpaka linakuwa kubwa, buda.

Watasema wageni hukata tamaa gari likitoka kila kona. Kweli, na mtoto wa miaka sita mwachieni sumaku yake. Lakini sisi ni watu wazima. Gari likitoka, kuna kazi ya kufanya. Sugua tairi za nyuma kwenye msasa mpaka ziwe duara kamili. Bandika kipande cha risasi chini kabisa kwenye chesisi. Legeza skrubu za bodi nusu mzunguko, bodi icheze kidogo. Jioni moja tu, na gari lililokuwa linakuaibisha linapita kona limetulia. Hiyo raha huwezi kuinunua.

Na hapo kwenye kununua ndipo shida yangu kubwa ilipo. Tukiruhusu sumaku, wiki ya pili mmoja ataleta yenye nguvu zaidi. Wiki ya tatu mwingine ataleta mota kali ya kushindana na hiyo sumaku. Mshindi atajulikana hata kabla hatujasogeza makochi: ni yule ambaye mshahara umeingia. Leo anayeongoza kwenye ubao wetu ana gari la mtumba. Alilinunua bila bodi, akalivisha bodi ya karatasi ngumu aliyoikata mwenyewe. Anaongoza kwa sababu alikaa na hilo gari usiku baada ya usiku mpaka likamwelewa, naye akalielewa. Niambie ni wapi pengine Nairobi mtu kama huyo anaongoza.

Kwa hivyo Jumamosi nitanyoosha mkono. Tukishindwa, ule ubao msiutupe. Nitaubeba mimi, hata kama chumba changu ni kimoja na kitanda kitabidi kisimame ukutani. Atakayechoka na sumaku ataupata hapo. Aje na msasa.