Ulimi wa Nguruwe, Ulimi wa Raia

Katika vijiji vingi vya nchi hii vinavyofuga nguruwe, mnunuzi hatoi fedha kabla ya kukagua ulimi. Mnyama hulazwa chini, kinywa hupanuliwa kwa kijiti, ulimi huvutwa na kupapaswa. Vikionekana vivimbe vyeupe mfano wa punje za mchele, bei huanguka au biashara huvunjika. Hivyo ni vifuko vyenye lava wa tegu wa nguruwe, Taenia solium.

Je, mkazi wa Rulenge akiota uvimbe kama huo ulimini mwake, atakaguliwa na nani?

Swali hili si mzaha. Alaye nyama yenye vifuko isiyoiva hupata tegu tumboni. Lakini amezaye mayai ya tegu, kupitia maji, mboga au mikono iliyochafuliwa na kinyesi cha mwenye tegu, huota vifuko mwilini mwake. Vikikaa ubongoni huweza kuleta kifafa. Kukaa kinywani ni nadra: uvimbe huwa mdogo, usiouma, na kwa macho hufanana na uvimbe wa tezi ya mate. Jibu la hakika hupatikana kwa kuukata na kuuchunguza kwa hadubini. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa patholojia, na hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, Bugando, iko Mwanza, mbali na Ngara.

Wapo watakaosema fedha za umma zielekezwe kwenye malaria, si kwenye maradhi nadra. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau kwamba uvimbe wa ulimini ni ishara. Mwenye kifuko kimoja kinywani huenda anavyo vingine kichwani, na huenda nyumbani mwake yupo mwenye tegu asiyejijua. Mwaka 2014, FAO na WHO ziliorodhesha vimelea 24 vya chakula. Huyu alishika nafasi ya kwanza.

Sidai kila zahanati iwe na maabara ya patholojia. Mgonjwa asisafiri, kisafiri kipande cha nyama ndani ya chupa ya formalini, na majibu yarudi kwa simu. Kisha ofisa mifugo na ofisa afya wapeane taarifa: ulipo ulimi wa nguruwe wenye vivimbe, vyoo na familia za jirani zichunguzwe.

Nguruwe hukaguliwa kwa sababu mnunuzi anaogopa hasara. Hasara ya raia nayo ni yetu sote.