Ile beji ni risiti, siyo pambo

Nilipotea kidogo, test zilinibana. Leo nina moja tu la kutema.

Kuna mshkaji hapa hosteli ana ugonjwa wa Vita Kuu ya Pili. Ana folda nzima ya picha za beji za mapigano za jeshi la Hitler, na kaapa akipata kazi ataanza kununua zenyewe. Mguse tu, anatiririka: hii ni ya zinki, hii ina mhuri wa Steinhauer & Lück wa Lüdenscheid, hii pini yake feki. Lakini mwulize zilitolewa kwa kufanya nini, jibu ni "ushujaa". Basi! Hapo ndipo tunapogombana.

Jamani, beji ile ni risiti. Ya askari wa miguu, iliyoanzishwa Desemba 1939, ilidai mashambulizi matatu katika siku tatu tofauti. Ya mapigano ya ana kwa ana, ya Novemba 1942, ilihesabu siku: 15 shaba, 30 fedha, 50 dhahabu. Na kila siku iliyohesabiwa ilikuwa na mtu wa upande wa pili.

Sasa njoo kwenye ile inayomtoa udenda: Bandenkampfabzeichen, yaani beji ya kupigana na "magenge". Ilianzishwa Januari 1944. Ina upanga unaochoma joka la vichwa vingi, na chini kuna fuvu la mtu. Siku 20 shaba, 50 fedha, 100 dhahabu. Hayo magenge ni nani? Ni wapiganaji wa msituni wa Sovieti, Yugoslavia na kwingineko. Himmler alishaagiza tangu 1942 kwamba wasiitwe wapiganaji, waitwe majambazi. Ukishamwita mtu jambazi, kijiji kilichompa mkate nacho kinakuwa pango la majambazi.

Tarehe 22 Machi 1943, kijijini Khatyn, Belarus, vikosi vya Wajerumani na wasaidizi wao waliwasukuma watu ndani ya banda, wakalitia moto, na waliochomoka wakapigwa risasi. Walikufa 149, kati yao watoto 75. Na haikuwa Khatyn peke yake: kumbukumbu iliyofunguliwa pale mwaka 1969 ina makaburi ya vijiji vingine 185 ambavyo havikuinuka tena.

Najua mtasema si kila aliyeivaa alichoma kijiji. Kweli kabisa. Lakini dhahabu ile haikuambii siku ipi ilikuwa ya bunduki kwa bunduki na ipi ilikuwa ya kiberiti. Ndiyo maana neno "ushujaa" siwezi kulimeza kirahisi hivyo.

Mtasema tena, mbona makumbusho yanaziweka? Makumbusho yanayojua kazi yake yanaweka na maelezo. Sokoni maelezo ni mhuri, uzito, hali ya pini na bei. Aliyeuawa hayumo.

Na msiniambie hayo ni ya Wazungu wenyewe kwa wenyewe. Mjerumani alitoa nishani ya makoloni mwaka 1912, na mojawapo ya vibao vya kubandika kwenye utepe wake kimeandikwa Deutsch-Ostafrika 1905/07. Hiyo ni Majimaji, ndugu zangu! Ni vita ile ile ambayo mwaka 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa pale Songea. Nayo inauzwa na kununuliwa, na wapo wanaoisifia utepe tu. Ungejisikiaje mtu akikuonyesha kile kibao huku akisema "cheki kilivyotunzwa", halafu hajui Songea ni wapi? Mtu wa Belarus naye ana moyo.

Sisemi ziyeyushwe. Zikiyeyushwa, ushahidi nao umekwenda. Ninachosema ni hiki: anayetaka kukusanya akusanye, ila kabla ya kukariri mhuri wa kiwanda akariri jina la kijiji kimoja. Aandike kikaratasi aweke pembeni ya beji: ilitolewa kwa nini, wapi, na nani alikuwa mbele ya mtutu. Kikaratasi hicho kikimkera kwa sababu kinaharibu uzuri wa kabati, basi aache kutudanganya kwamba anapenda historia. Anapenda vitu vinavyong'aa.

Nawasilisha. Mwenye hoja aje rumu tubishane. Chai ipo, sukari aje nayo.