Sifa Hazilipi Ushuru

Imekuwa ada ya waandishi wengi wa habari za mashariki ya Kongo kuwapamba wanawake wafanyi biashara wa Goma kwa sifa za subira na ushujaa, kana kwamba kwa subira mtu aweza kununua gunia la viazi. Sina ugomvi na sifa hizo, maana ni za haki. Walakini nachelea zisije zikawa pazia la kufunika swali lililo zito zaidi, nalo ni hili: mtaji wa mwanamke huyu, ulio haba tangu mwanzo, huliwa na nani?

Goma ni mji ulioketi juu ya mawe meusi ya Nyiragongo, mlima ambao mnamo Januari 2002 ulimimina moto wake hadi katikati ya maduka, na chakula chake hutoka Masisi na Rutshuru, au huvuka mpaka kutoka Gisenyi, upande wa Rwanda. Wanaokivusha kwa miguu pale Petite Barrière, aghalabu ni wanawake wenye mabeseni ya nyanya na madumu ya maziwa, ambao hununua asubuhi, wakauza mchana, na jioni wakahesabu kilichosalia, ambacho ndicho mtaji wa kesho. Mpaka huo ulipofungwa mwaka 2020 kwa ajili ya korona, mtaji wa namna hiyo haukuwa na pa kujificha: uliliwa nyumbani.

Amma sheria, haikuwa rafiki yao siku zote. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mumewe katika shughuli zake za kisheria, na sharti hilo halikuondolewa ila mwaka 2016. Hata hivyo benki aghalabu haimkopeshi asiye na hati ya nyumba wala ya shamba, kwa hiyo wengi hutegemea likelemba, ambayo Dar es Salaam huitwa upatu. Na mwezi wa Januari 2025, waasi wa M23 walipoutwaa mji, benki zikafunga milango, na mwenye akiba benki akawa sawa na asiye nayo. Likelemba haina mlango wa kufungwa, lakini nayo yataka noti mkononi.

La kuudhi kuliko yote ni vizuizi vya njiani. Taasisi ya IPIS ya Ubelgiji, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017, ilihesabu vizuizi karibu 800 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, vingine vya askari wa serikali, vingine vya makundi yenye silaha, na kwenye vingi kati ya hivyo mpita njia hakuwa na budi kutoa chochote ndipo apite. Hapo ndipo faida inapokwisha, na kisichotoka katika faida ya muuzaji hutoka mfukoni mwa mlaji, hata anayenunua fungu la maharagwe mjini akawa anailipia vita bila ya kujua. Nasi, badala ya kuiita dhulma kwa jina lake, twamwandalia mama huyo semina ya kuweka hesabu, yeye ambaye kila siku hupiga kichwani hesabu za faranga ya Kongo, faranga ya Rwanda na dola!

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na taratibu za Jumuiya hiyo zaruhusu bidhaa za wanachama zisizozidi thamani ya dola 2,000 zivuke kwa hati nyepesi. Mkataba wa amani uliotiwa saini Washington mwezi wa Juni 2025, baina ya Kongo na Rwanda, haukuyasahau madini; navyo vizuizi visisahauliwe. Basi wanaoendelea kujadiliana juu ya amani na watoe kwanza orodha ya vizuizi: kila kimoja kiko wapi, kinasimamiwa na nani, chatoza kiasi gani na kwa amri ya nani, kisha ibandikwe katika soko la Virunga mjini Goma, kwa Kiswahili, mahali ambapo mwenye beseni aweza kuisoma kabla ya kutoa faranga yake.