Filamu zetu zina mashabiki na zina bodi. Mhakiki yuko wapi?

Kundi la kwanza la mtaala wa CBE limeingia Gredi ya 10 mwaka huu wa 2026. Sekondari pevu ina mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, kisha sanaa na sayansi ya michezo. Serikali ilipanga kwamba asilimia 60 ya wanafunzi waelekee sayansi, 25 sayansi za jamii na 15 sanaa na michezo.

Hiyo 15 ndiyo nataka tuiongelee. Ukimuuliza kijana wa mkondo huo anataka kuwa nani, atakwambia mwigizaji, mwelekezi, mpiga kamera, labda mhariri wa video. Ni nadra umsikie akisema anataka kuwa mhakiki wa filamu.

Najua unachofikiria. Ati mhakiki ni mtu aliyeshindwa kutengeneza muvi, sasa amekaa pembeni kuchambua jasho la wenzake. Mimi naona bila huyo mtu hiyo asilimia 15 itapata taabu. Wacha nikueleze.

Sauti mbili tu

Angalia vile filamu za Kenya huzungumziwa. Sauti ya kwanza ni ya marafiki. Filamu ikitoka, mitandaoni ni makofi na emoji za moto, tuunge mkono vya kwetu. Maneno ya wahusika hayasikiki, hadithi imeishia njiani, lakini hakuna anayesema. Ukisema, una roho mbaya. Wahenga walishamaliza hii maneno: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na anayeumia kwanza ni mgema mwenyewe, kwa sababu habaki na mtu wa kumwambia kwa nini watazamaji walianza kushika simu katikati ya filamu yake.

Sauti ya pili ni ya serikali, na yake ni fupi: ruhusa au marufuku. Aprili 2018, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, inayohusu mapenzi ya wasichana wawili. Mwezi uliofuata filamu hiyo ikawa ya kwanza kutoka Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa. Septemba, Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku kwa siku saba, na kumbi za Nairobi zikajaa. Sasa kumbuka miezi ile kabla ya korti. Nchi nzima ilikuwa na maoni, pande zote mbili, kuhusu filamu ambayo karibu hakuna aliyekuwa ameiona. Tulibishana kuhusu marufuku. Uigizaji, rangi, vile mtaa ulivyopigwa picha, hayo yaliongelewa na wachache sana.

Aprili 2025 ikawa hivyo tena, safari hii kwa mchezo wa kuigiza. Wasichana wa Butere walifika Nakuru na Echoes of War, iliyoandikwa na Cleophas Malala. Korti ilikuwa imeagiza waruhusiwe kuigiza. Nje, polisi walirusha vitoa machozi. Ndani, wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakatoka jukwaani bila kuigiza. Wewe na mimi tunakumbuka moshi. Lakini nikikuuliza mchezo wenyewe uliandikwa vizuri ama vibaya, utanijibu nini?

Hapo ndipo naona hatari. Watu wasipozoea kupima kazi ya sanaa wenyewe, ni rahisi ofisi moja kuwapimia. Mhakiki hawezi kuzuia kitoa machozi. Anachoweza ni kuzoesha umma kwamba filamu ni kitu cha kutazamwa, kufikiriwa na kubishaniwa kwa sababu, na umma uliozoea hivyo ni vigumu kuutishia na filamu.

Kazi hii tayari unaijua

Na usiniambie uhakiki ni mambo ya wazungu. Kama umekulia mtaani umeketi kwenye kibanda cha video ukimsikiliza DJ Afro. Anachukua muvi ya kung'oana meno kutoka ughaibuni, anaieleza kwa Kiswahili na Sheng, anamcheka adui, anatabiri nani atakufa, anakuonyesha kitu ambacho jicho lako lingekipita. Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wana VJ Jingo. Hao watu walitafsiri, lakini pia walikuwa wanatoa maoni, na mtaa ulilipa kusikia maoni hayo.

Hata Nairobi Half Life ya mwaka 2012 inaanzia hapo. Mwas, kijana wa mashambani, anauza DVD kwa kuwaigizia wateja vipande vya filamu zenyewe. Anajua ni kipande kipi kitamfanya mtu atoe pesa. Hiyo ni akili ya mhakiki.

Na kuna Fasihi. Ukifanya KCSE uliulizwa ueleze muktadha wa dondoo, utaje maudhui, uchambue wahusika na mbinu. Ulidhani ni mateso ya Karatasi ya Tatu. Mimi sina shahada, chuo niliacha mwaka wa pili, lakini maswali ya Chozi la Heri na Kigogo ndiyo naulizia filamu hadi leo: nani anasema, kwa nani, kwa nini sasa, na ni nini hakijasemwa.

Pesa iko?

Sitakudanganya. Kuandika uhakiki peke yake hakulipi kodi ya nyumba Nairobi. Lakini jicho lililofunzwa lina kazi nyingi: kuchagua filamu za matamasha, kusoma miswada ya waandishi na kusema wapi imelegea, kuandaa maonyesho, kuandika manukuu ya chini ya skrini, kuhariri. Matamasha ya Berlin na Durban yana mafunzo maalum ya wahakiki chipukizi, na wanachotaka kuona kwanza ni maandishi yako. Hapa kwetu, Lola Kenya Screen ilianza kufunza watoto uandishi wa filamu zamani, mwaka 2006.

Wengine hupitia uhakiki wakaingia nyuma ya kamera. François Truffaut aliacha shule akiwa na miaka 14, akawa mhakiki mkali hadi Cannes ikamnyima kibali mwaka 1958. Mwaka uliofuata alirudi na filamu yake ndefu ya kwanza, akashinda tuzo ya mwelekezi bora. Na Kati Kati ya Mbithi Masya, filamu yetu, ilipofika Toronto mwaka 2016, waliyoitunuku ni jopo la FIPRESCI, shirikisho la kimataifa la wahakiki. Wageni waliikalia chini wakaipima. Sisi tulipiga makofi tukasonga.

Kwa hivyo ukitaka kuanza, anza hivi. Tazama filamu moja ya Kenya mara mbili: ya kwanza kama shabiki, ya pili ukiwa na kalamu. Huna pesa ya tiketi? Alliance Française na Goethe-Institut, katikati ya jiji, huonyesha filamu mara nyingi bila kiingilio, na YouTube imejaa filamu fupi za wenzako. Chagua tukio moja, ulieleze hadi mtu ambaye hakuliona alione. Sema kinachofanya kazi na kisichofanya, na utoe sababu. Piga kazi, usimpige mtu. Ukipewa tiketi ya bure, msomaji aambiwe. Na ukiweza, andika kwa Kiswahili, kwa maana hilo shamba karibu halijalimwa.

Wale wa Gredi ya 10 watamaliza shule mwaka 2028, wengine wakiwa na kamera mkononi na hadithi kichwani. Makofi watayapata, na barua ya bodi labda wataipata pia. Wanachohitaji ni mtu atakayetazama kazi yao hadi mwisho, kisha awaambie ukweli. Una miaka miwili ya kujifunza kuwa huyo mtu.