Damu Haina Likizo

Wako watu wazima, Kipsongo kama kwingineko, wasemao kwamba kutoa damu ni kazi ya wanafunzi. Msemo huo ni aibu. Damu nzima haidumu ghalani zaidi ya siku 35, nayo likizo ya mwisho wa mwaka huzidi siku hizo. Je, mama anayejifungua Kitale angoje kengele ya Januari? Mtoto wa Bungoma aliyeishiwa damu kwa malaria naye angoje? Mwenye afya njema huruhusiwa kutoa tangu miaka 16 hadi 65. Nawe mwanafunzi uliyetoa Oktoba, hutoi tena kabla ya miezi mitatu. Basi Desemba mshike baba mkono, umpeleke hospitali. Sasa ni zamu yake.