MAONI: Ulilipia tiketi za Divergent, mwisho wake ulienda wapi?

Kama wewe ni shabiki wa Divergent, kuna mtu unamdai. Ulitazama muvi ya kwanza 2014, ya pili 2015, ya tatu 2016. Ya nne unaingoja hadi leo, na haiji.

Stori yenyewe unaijua. Mji wa Chicago umezungushiwa ua, watu wamegawanywa katika makundi matano kulingana na tabia zao, na ukifika miaka 16 unapimwa, kisha unachagua kundi utakaloishi nalo. Tris, msichana asiyetoshea katika kundi moja, anaupindua mpango huo wote. Veronica Roth aliiandika kwa vitabu vitatu, kuanzia 2011 hadi 2013. Vitabu vitatu, filamu tatu, sivyo? Sivyo. Kampuni ya Lionsgate ilikipasua kitabu cha mwisho, Allegiant, vipande viwili, kila kipande na tiketi yake.

Ujanja huo haukuanzia hapo. Kitabu cha mwisho cha Harry Potter kilikuwa kimetoa filamu mbili, 2010 na 2011, na ile ya pili ikavuna zaidi ya dola bilioni 1.3. Twilight ikafuata, kisha Hunger Games nayo ikaigawa Mockingjay. Hollywood ikaona hili ni shamba la kuvunwa mara mbili. Sasa angalia mavuno ya Divergent: filamu mbili za kwanza ziliingiza takriban dola milioni 290 kila moja kote duniani, Allegiant ikaambulia kama milioni 180. Sehemu ya nne, iliyopangiwa Juni 2017, ikateremshwa kutoka kumbi za sinema hadi runinga, na 2018 ikazikwa kabisa. Stimu zikakatwa, na hakuna aliyerudishiwa pesa.

Utaniambia: wacha kulia, enda usome kitabu. Sawa, usome. Ila fahamu kwanza ni nini hasa kilichokatwa. Na kama hutaki kujua, ruka aya inayofuata.

Tris anakufa. Anachukua nafasi ya kakake, Caleb, katika kazi ambayo kila mtu alijua ingemuua anayeifanya. Anaponea sumu, halafu anapigwa risasi. Roth alikuwa amekuandaa kwa hilo. Vitabu viwili vya kwanza vinasimuliwa na Tris peke yake, lakini katika cha tatu anapokezana na mpenzi wake, Four. Ukiwa makini unaanza kujiuliza mbona sauti ya pili imeingia. Kisha moja inanyamaza. Wasomaji wengi walikasirika sana, na siwalaumu. Hata hivyo, kitabu kilikuwa kikisema tangu mwanzo kwamba ujasiri una gharama, na mwishoni gharama ikalipwa. Filamu ya 2016 inaisha Tris akiwa mzima na adui yake, David, akiwa bado yupo. Aliyetazama muvi pekee anaamini kuwa unaweza kupambana na mfumo mzima ukarudi nyumbani kwa chai.

Kama ulifanya KCSE unaujua mtego huu. Kikundi cha uigizaji kinakuja shuleni na kitabu teule, mnacheka, mnapiga makofi, na kuna wale wanaoapa kwamba sasa hawana haja ya kukifungua kitabu. Mtahini naye haulizi ulichokiona jukwaani.

Hunger Games angalau ilimaliza safari. Suzanne Collins alishiriki kuandika filamu ya kwanza, ile ya 2012, na inaonekana. Kitabu chote kimo kichwani mwa Katniss, na kamera haiwezi kupiga mawazo. Kwa hivyo mwelekezi Gary Ross akakupeleka kwenye chumba cha mitambo, ukawaona watu wenye suti safi wakibonyeza vitufe vya kuua watoto. Akakupeleka kwenye bustani ya Rais Snow, katikati ya mawaridi. Hayo Katniss hangeweza kuyaona, na kitabuni hayamo. Mimi nayakubali kabisa, kwa sababu yanaongeza uzito wa kile Collins alichokiandika.

Lakini hata hapo kuna kitu kilifutwa kimyakimya. Kitabuni, Peeta anatoka uwanjani akiwa amepoteza mguu, na katika vitabu vinavyofuata anatembea na wa bandia. Filamu ikamrudishia mguu wake. Uingereza, sekunde saba zilipunguzwa ili filamu ipate kibali cha watazamaji wa miaka 12. Naelewa biashara, tiketi za vijana ndizo zinazolipa. Ila hii ni hadithi ya watoto wanaochinjana ili matajiri wajiburudishe mbele ya runinga. Ukimrudisha mtoto huyo nyumbani akiwa mzima kama aliyetoka mechi ya mtaa, wewe na mimi tunaanza kufanana na wale matajiri.

Francis Lawrence, aliyeelekeza sehemu zote mbili za Mockingjay, alikiri wazi 2023 kwamba anajutia kuigawa. Mwaka huo huo alitoa The Ballad of Songbirds and Snakes, kutoka kitabu cha zaidi ya kurasa 500, ikiwa filamu moja ya saa mbili na dakika 37. Watu walikaa wakaitazama yote, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 300. Basi ile hadithi kwamba sisi vijana hatuwezi kukaa chini muda mrefu, waitafutie wengine.

Sasa anashughulikia Sunrise on the Reaping, kuhusu ujana wa Haymitch, iliyopangiwa Novemba 2026. Siharibu chochote nikisema inavyoisha, maana Mockingjay ilishasema: Haymitch anashinda, na kabla ya wiki mbili kupita, mamake, nduguye mdogo na msichana wake wameuawa. Ukienda kuitazama, angalia hapo. Je, kamera itabaki na huyo kijana mlangoni kwao, au itakimbilia wimbo wa mwisho na majina ya waigizaji?